Tusinunue Hata Mpini wa Jembe

Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi kwa wanachama na wananchi wa Mgololo, Wilaya ya Mufindi. Tunaichapa kama ilivyosomwa, kwa kuwa wengi waliokosa nafasi ya kukaa wameomba waisome.



Uhuru na Kazi!

Nimeombwa niseme juu ya vijana na kazi. Nitaanza kwa jambo la aibu, na aibu hiyo ni yangu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Mnakumbuka Jumamosi ile tuliyokwenda kulima shamba la shule. Tulikuwa vijana thelathini na wawili, na nyimbo tuliimba. Kabla jua halijafika utosini, majembe matatu yalikuwa yamevunjika mipini. Kazi ikasimama. Mmoja wetu akasema twende dukani tukanunue mipini. Mwingine akasema mwenye duka amekwenda Mafinga, atarudi alasiri. Basi tukakaa chini tukamngoja. Kijana mmoja akatoa simu, akampigia kumwuliza bei.

Ndugu zangu, tazameni mahali tulipokuwa tumekaa! Tulikaa chini ya miti. Mbele yetu miti, nyuma yetu miti. Wilaya hii ina Msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa katika nchi yetu. Hapa Mgololo kimejengwa kiwanda kizima cha karatasi kwa sababu ya miti. Na sisi thelathini na wawili, wenye afya na nguvu, tumekaa chini ya miti tunangoja duka lifunguliwe ili tununue kipande cha mti.

Akapita mzee mmoja, ambaye yuko hapa leo na amenikataza kumtaja. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, akauliza, "Mnangoja nini?" Tukamjibu, "Tunangoja mipini." Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaomba panga, akateremka bondeni, akarudi na fimbo tatu za mti mgumu wa porini. Akatueleza kwamba msindano haufai kwa mpini, ni laini, utapasuka siku ile ile. Akachonga. Akawasha moto, akatia msuka wa jembe mpaka ukawa mwekundu, akauchomeka katika kichwa cha mpini, moshi ukatoka, tundu likajitengeneza lenyewe kwa kipimo chake. Kwa muda usiozidi saa moja na nusu, majembe matatu yakarudi kazini.

Kisha akasema, "Hii ni mipini mibichi, ya kumalizia kazi ya leo. Ikikauka italegea. Mpini wa kweli hukatwa mapema, ukawekwa darini juu ya moshi wa jiko, ukakauka polepole. Lakini majiko yenu siku hizi hayana dari wala moshi."

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mtu niliyesoma chuo cha ualimu. Katika mtihani niliulizwa juu ya Elimu ya Kujitegemea, maandiko ya Mwalimu Nyerere ya Machi 1967. Nilijibu kurasa nne na nikapata alama nzuri. Nilijua kueleza kujitegemea, ila sikujua kutia mpini katika jembe.

HATUKUZALIWA WATU WA KUNUNUA

Wako watu husema kwamba sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa watu wa kuletewa kila kitu. Si kweli. Wafipa, Wakinga na Wabena walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivuo, wakafua majembe. Jembe lilikuwa mali. Lilitolewa hata katika mahari. Chumvi ilipikwa Ivuna, katika nchi iliyo Mkoa wa Songwe hivi leo, tangu zamani za kale. Mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, walifinyanga vyungu na wakavipeleka kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Na mpaka leo wanafinyanga. Hapa kwetu Iringa mama zetu walisuka vikapu vya milulu, na kila nyumba ya heshima ilikuwa na kihenge chake cha nafaka.

Basi ujuzi huo ulikwenda wapi? Msiseme vijana ni wavivu, halafu mkaenda kulala. Ujuzi una historia yake, na kupotea kwake kuna historia yake.

Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ikataka fedha, na fedha haikuwa katika tanuri la chuma wala katika chungu. Ilikuwa katika shamba la mzungu. Wakati wa Mwingereza wanaume wengi wa Ubena na Uhehe waliondoka kwenda kuwa manamba katika mikonge ya Tanga na Morogoro, na wengine wakaingia katika mashamba ya chai ya walowezi papa hapa Mufindi. Mtu aliyekaa mbali miaka miwili au mitatu hakumfundisha mwanawe kufua chuma. Na dukani majembe ya ng'ambo yalikuwa rahisi. Basi tanuri zikazimika moja moja.  Muda wa baba ulinunuliwa, na mtoto akakua bila kuona.

Nasema hayo ili tuelewe jambo moja. Ujuzi wa mikono haupotei siku mtu anapousahau. Hupotea siku mzee anapokosa mtu wa kumtazama akifanya kazi.

JEMBE LIMEZUNGUKA DUNIA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu liliona kwamba nchi ya wakulima haiwezi kuomba jembe kwa watu. Kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Baadaye Mbeya nayo ikapata kiwanda cha Zana za Kilimo. Mwaka 1973 likaanzishwa shirika la SIDO la kusaidia viwanda vidogo. Nia ilikuwa njema, na wazee wengi hapa walilima kwa majembe yale.

Lakini viwanda hivyo viwili havikudumu katika kazi yao. Leo majembe mengi tuyaonayo madukani yametoka nje. Tazameni basi safari ya jembe: babu wa babu zetu alilifua mwenyewe, babu zetu wakalinunua kwa mkoloni, baba zetu wakalitengeneza kiwandani, na sisi tumerudi kulinunua kwa wageni, pamoja na mpini wake.

SIKU DUKA LINAPOFUNGWA

Mtu ataniambia, "Katibu, maduka yapo, yamejaa. Hofu yako ni ya nini?" Nitamjibu kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilizuia bahari yetu. Wadachi, waliokuwa wakijivuna kwa bidhaa za kwao, wakajikuta hawana dawa, hawana nguo, hawana sabuni. Wakaamuru pamba isokotwe na nguo ifumwe kwa mkono. Katika kituo chao cha utafiti cha Amani, kule Usambara, wakakaa kutengeneza kwinini, sabuni na mishumaa. Mtawala mwenyewe alijifunza kwamba meli ikikosa kufika, mwenye ujuzi ndiye bwana.

Mfano wa pili wazee wanaukumbuka kuliko mimi, maana mimi sikuwa nimezaliwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta yalipopanda bei, nchi iliingia katika dhiki iliyoendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980. Sabuni haikuonekana, sukari haikuonekana, nguo ilikuwa ya kupanga foleni. Watu wakafulia majani ya mpapai. Wakavaa makatambuga yaliyokatwa katika matairi ya magari. Wakanywa chai kwa sukari guru. Nani aliyepita miaka ile bila kudhalilika sana? Ni yule aliyejua kutengeneza kitu, au aliyekaa jirani na anayejua.

Mfano wa tatu ni wa juzi, na kila mmoja wetu anaujua. Kati ya mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea ilipanda duniani, na vita vya Ukraine vikaongeza moto. Mahindi yetu hapa yamezoea mbolea ya mfuko. Serikali ilileta ruzuku kwa msimu wa 2022 na 2023, nasi tunashukuru. Lakini jiulizeni: ni vijana wangapi hapa waliojua kuozesha samadi na majani ikawa mboji, wakati ule mfuko uliposhindikana?

Duka ni kitu kizuri. Lakini mtu aliye na duka peke yake, bila mkono unaojua kazi, ni kama mtu mwenye nyumba ya mlango mmoja. Moto ukishika mlangoni, hana pa kutokea.

MAMA ALINISAHIHISHA

Sasa, ndugu zangu, nisipotoke. Nilipokuwa natayarisha maneno haya nilimsomea mama mmoja mjumbe wa tawi letu. Nilikuwa nimeandika kwa moyo mkunjufu kabisa juu ya jiwe la kusagia, na kinu na mchi, na uzuri wa maisha ya zamani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Katibu, wewe umewahi kusaga ulezi kwa jiwe ukiwa na mtoto mgongoni?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi futa."

Nimefuta. Na alisema kweli. Mashine ya kusaga iliwapa mama zetu saa nyingi za uhai wao. Bomba la maji lilipunguza uchungu wa shingo. Jiko la gesi linaokoa macho na kifua, na ni haki Serikali ilipoweka mwaka 2024 Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mwanaume anayesifu kuni, huku hajapata kubeba mzigo wa kuni, ni kheri anyamaze.

Kwa hiyo sisemi turudi nyuma. Mzee wa mipini naye hakusema turudi nyuma. Yeye mwenyewe ana simu, na kijukuu chake humpigia kutoka Dodoma. Nasema tofauti na hayo. Raha iliyokuja na ujuzi wake ni maendeleo. Raha iliyokuja bila ujuzi wake ni deni, nasi tutalilipa siku tusiyoichagua.

Chukueni jiko la gesi. Mtungi husafiri kutoka pwani mpaka hapa. Ukiisha mwisho wa mwezi, fedha haipo, nyumba nyingine hulala bila kupika, maana hata mafiga yameondolewa. Na huko nje ya viwanda vyetu vya mbao kuna milima ya vumbi la mbao inayooza na kuungua bure. Vumbi lile hushindiliwa likawa mkaa mbadala. Udongo wa mfinyanzi tunao, na jiko bora la udongo, linalokula kuni chache na kutoa moshi kidogo, hutengenezwa kwa siku chache. Mama mwenye gesi na jiko bora ana milango miwili. Huyo ndiye ninayemtaka.

KAZI INABADILIKA MBELE YETU

Liko jambo jingine linalowahusu vijana zaidi. Si vitu vya nyumbani tu vinavyobadilika. Kazi yenyewe inabadilika.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni. Leo mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Chai ilichumwa kwa vidole. Leo ziko mashine za kuchumia. Kule Kericho, katika nchi jirani ya Kenya, ugomvi juu ya mashine hizo ulikua mpaka Mei 2023 watu wakazichoma moto. Siwasifu waliochoma, maana moto haujengi. Lakini nimeelewa uchungu wao. Mtu aliyefundishwa kazi moja tu ya vidole, mashine ikimnyang'anya kazi hiyo, anabaki na nini?

Kiwanda chetu cha karatasi nacho kina funzo. Kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikatengenezwa kiweze kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Watu wakaja kutoka pande zote, wakaacha mashamba, wakajenga maisha juu ya mshahara. Miaka ya 1990 kikayumba mpaka kikasimama. Mwaka 2004 kikabinafsishwa na mashine zikapata mwenyewe mpya. Wazee mliokuwapo, semeni wenyewe: katika miaka ile ya kimya, nani alikaa na nani aliondoka? Mimi nimeuliza nyumba kwa nyumba, na jibu nililopewa ni moja. Aliyekuwa na shamba, au cherehani, au tezo, au mkono wa kuchomea vyuma, alikaa. Aliyekuwa na kitambulisho cha kazi peke yake aliondoka.

Lakini uko mfano mwingine wa kututia moyo, na unapita hapa ukipiga honi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Sehemu ya Mlimba mpaka Makambako ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa mahandaki na madaraja yake. Wachina walikuja na mashine, lakini pia walikuja kufundisha. Vijana wa Kitanzania walioingia pale wakiwa na jembe walitoka wakijua kuchanganya zege, kupima njia na kutengeneza injini. Mashine iliyokuja na mwalimu wake ilituachia mafundi.

NA ARDHI JE?

Neno moja la ukali, mnisamehe. Wako wenzetu waliopanda misindano na milingoti mpaka mlangoni mwa nyumba. Wako waliouza shamba lote kwa watu wa mjini wanaotaka kupanda miti. Fedha iliingia, pikipiki ikanunuliwa, bati likaezekwa. Sasa wananunua mahindi kwa debe, na wakisubiri mti ukomae wanakopa unga. Mti ni mali, sikatai. Huu ni wilaya wa miti. Lakini hakuna aliyewahi kuchemsha msindano akala. Na mtoto aliyekua bila shamba hatajua majira ya kupanda, hatajua kuchagua mbegu katika gunzi, hatajua mnafu na magugu mengine vinatofautianaje. Ukiuza shamba umeuza pia darasa.

MAAZIMIO NINAYOLETA

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ndani yake ni upepo. Kamati ya vijana imenituma nilete mambo matano mbele ya mkutano huu.

Kwanza, kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya ufundi hapa uwanjani. Wazee wataketi, vijana watafanya. Mwezi wa kwanza ni mipini, wa pili ni vikapu vya milulu, wa tatu ni jiko bora la udongo. Mzee asifanye kazi bure: kila kijana atakayefundishwa atalima kwa mzee huyo siku moja, kwa desturi yetu ya mgowe.

Pili, kila nyumba yenye shamba iache walau ekari moja ya chakula isiyopandwa miti ya mbao, na ichague mbegu zake za mahindi, maharage na ulezi za kuhifadhi. Anayependa mbegu ya dukani ainunue, lakini mbegu ya nyumbani isife.

Tatu, mashine yoyote ya shirika itakayonunuliwa na tawi au na kikundi chetu, iwe ya kusaga, ya mwanga wa jua au ya kushindilia mkaa, isiwashwe mpaka vijana wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanaume, wamejua kuifungua, kuisafisha na kuifunga.

Nne, tuuombe uongozi wa shule utupe pembe ya kiwanja tupande miti migumu ya mipini. Haitachukua nafasi kubwa, na watoto ndio watakaoitunza.

Tano, ndiyo ngumu kuliko zote: sisi viongozi tuwe wa kwanza kujifunza. Katibu asiyejua kutia mpini asisimame kuwahimiza watu kulima. Mimi nimeanza. Mpini wangu wa kwanza ulilegea siku ya pili. Wa pili ulipasuka. Wa tatu huu hapa, mzee aupime mwenyewe mbele yenu.

Ndugu zangu, nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961, wazee wetu wangeweza kuchagua maneno mengine ya kuamkiana. Wangeweza kusema Uhuru na Raha, na hakuna ambaye angewalaumu, maana walikuwa wamechoka. Wao walisema Uhuru na Kazi. Walijua kwamba mtu anayefanyiwa kila kitu, hata akiwa na bendera yake, atakuwa na bwana mahali fulani. Kama si bwana mwenye bunduki, ni bwana mwenye duka.

Raha tuzipokee, zije kwa wingi, na mama zetu wazipate kwanza. Lakini zitukute tumesimama na zana zetu mkononi.

Uhuru na Kazi!

(Mkutano uliyapitisha maazimio yote matano. Mzee aliupima mpini wa Katibu, akaugonga chini mara mbili, akasema, "Utafika masika." Siku ya kwanza ya ufundi ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kila kijana aje na panga.)